Mweka, Machame au Marangu: kuchagua umbali wa kundi la baiskeli linalopanda mlima kutoka Moshi

Kila kundi linapopanga kutoka Moshi mjini kwenda upande wa mlima kwa baiskeli, swali la kwanza huwa lilelile: kilomita ngapi? Likishajibiwa, watu huamua palepale. Ishirini na nane, nakuja. Sitini, ngoja nitazame. Themanini, hiyo ni ya wazoefu. Kwenye barabara ya tambarare uamuzi wa namna hii hauna ubaya mkubwa. Kwenye kuta za Kilimanjaro unapotosha, kwa sababu safari fupi inaweza kubeba mlima mzito kuliko safari ndefu, na anayeumia ni yule aliyeitikia akiamini namba ya kilomita.

Ninalinganisha hapa njia tatu ambazo watu wa Moshi wanazijua vizuri, zote za lami na zote za kwenda na kurudi kwa barabara ileile: Mweka, Machame na Marangu. Zote nazihesabu kuanzia mahali pamoja, tuseme Mnara wa Saa, kwenye kimo cha mita 800 na kidogo, ili tofauti zinazobaki ziwe za barabara yenyewe. Ninayemfikiria ni mtu anayepanga safari ya kundi mchanganyiko: wawili watatu wenye baiskeli nyepesi na mazoezi ya kila wiki, wengi wenye baiskeli za mlima za kawaida, na mmoja au wawili ambao hawajawahi kupanda mlima wowote kwa baiskeli. Kundi la mabingwa watupu halihitaji ushauri huu.

Namba zifuatazo ni za kukadiria, nimezikata ziwe rahisi kushika (chuoni ni kwenye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, langoni ni kwenye lango la Hifadhi ya Kilimanjaro):

| | Mweka (chuoni) | Machame (langoni) | Marangu (Mtoni) | Marangu (langoni) |
|---|---|---|---|---|
| Kwenda na kurudi | km 28 | km 60 | km 80 | km 90 |
| Kimo cha kugeuzia | m 1,400 | m 1,800 | m 1,400 | m 1,860 |
| Juu ya mjini kwa | m 600 | m 1,000 | m 600 | m 1,050 |
| Urefu wa mlima wenyewe | km 14 | km 18 | km 13 | km 18 |
| Barabara kuu kabla ya mlima | hakuna | km 12 | km 27 | km 27 |

Tazama safu ya Mweka na ile ya Marangu Mtoni. Moja ni kilomita 28, nyingine 80, lakini zote mbili zinakupandisha mita 600 hivi. Mlima ni kama uleule. Kinachozitofautisha ni zile kilomita 27 za barabara kuu kutoka Moshi hadi Himo, ambazo mtazipita mara mbili. Kisha tazama Machame: ni fupi kuliko Marangu Mtoni kwa kilomita 20, na bado inapanda mita 400 zaidi. Anayesema "twende Machame, Marangu ni mbali" anawaongezea wenzake mlima huku akiamini anawapunguzia kazi.

Kwa nini mita za kupanda ndizo zinazolivunja kundi

Kwenye tambarare, kundi linaficha udhaifu wa mtu. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu na gurudumu, anakingwa upepo, na kwa mwendo mzuri anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana kutoka Moshi hadi Himo mtu wa mazoezi kidogo anaweza kwenda sambamba na watu walio na nguvu kumzidi na asijue kwamba wanamzidi.

Mlima unaondoa msaada huo. Mkipanda kwa mwendo wa kilomita 9 au 10 kwa saa, upepo si adui tena, hivyo kujificha nyuma ya mtu hakusaidii kitu. Unachopigana nacho ni uzito wako na wa baiskeli yako, na uzito huo hakuna wa kukubebea.

Hebu tupige hesabu ya Mweka. Chukua mtu ambaye yeye, baiskeli na maji yake wana kilo 85 kwa jumla. Kama anaweza kushikilia nguvu ya wati 110, ambayo ni ya mtu mzima mwenye afya asiye na mazoezi mengi, zile kilomita 14 zitamchukua kama saa moja na nusu bila kusimama. Mwenzake mwenye uzito uleule anayeshikilia wati 200 atafika chuoni kwa dakika 50. Wametoka pamoja mjini, na ndani ya kilomita 14 wameachana kwa dakika 40.

Sasa zidisha hilo kwa Machame. Kutoka njia panda ya Machame, pale mnapoiacha barabara kuu, hadi langoni mlima ni mrefu zaidi na unapanda mita 900 hivi; yule wa wati 110 ataumaliza kwa saa mbili na dakika kumi, mwenye nguvu kwa saa moja na dakika kumi. Ni saa nzima ya kusubiriana langoni, kwenye kimo ambacho jasho likikauka baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Wa mbele wanaganda wakisubiri, na wa nyuma anapanda akijua kwamba anasubiriwa. Hisia hiyo ya mwisho inachosha kuliko mlima. Inamfanya mtu akanyage kwa haraka asiyoiweza, asinywe maji, asisimame pale mwili unapomwambia asimame.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni hiki: usiulize kundi linaweza kilomita ngapi. Uliza wa mwisho atapanda kwa muda gani mfululizo, na wa kwanza atamsubiri kwa muda gani. Kupanda kwa saa moja na nusu kunavumilika kwa mtu mzima mwenye afya anayeendesha baiskeli japo mara moja kwa wiki. Zaidi ya saa mbili si jambo la kumfanyia mgeni.

Mweka

Mweka ndiyo fupi na ndiyo inayowashtua watu, kwa sababu mlima unaanza mapema. Hakuna kilomita kumi za kupasha miguu joto. Ukishatoka katikati ya mji ukielekea kaskazini, barabara inainuka na inaendelea kuinuka hadi Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, kile kilichoanzishwa mwaka 1963. Kwa wastani ni mita 43 za kupanda kwa kila kilomita, na sehemu ya juu ni kali kuliko ya chini. Wakimbiaji wanaijua: Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu 2003, inawapandisha barabara hiyohiyo ya Mweka, na wale wa mbio ndefu wanapelekwa kwanza kwenye barabara ya tambarare ndipo waletwe mlimani wakiwa wamekwisha kuchoka.

Lakini Mweka ina sifa moja ambayo njia nyingine hazina, nayo kwa kundi mchanganyiko ina uzito kuliko zote. Popote utakapochoka, nyumbani ni kushuka. Mtu aliyeishiwa nguvu kwenye kilomita ya tisa anageuza baiskeli, anashika breki, na baada ya nusu saa yuko mjini. Hahitaji gari la kumfuata wala mtu wa kumsindikiza kwenye barabara kuu. Safari yake ya kilomita 18 imekamilika kwa heshima zote. Kwa wengine inaendelea hadi 28. Barabara moja, kundi moja, umbali tofauti kwa kila mtu.

Magari pia ni machache. Utakutana na Hiace, bodaboda zenye mikungu ya ndizi nyuma, wanafunzi, na magari yanayowafuata wapanda mlima walioshuka kwa njia ya Mweka. Hakuna malori ya masafa. Pande zote mbili ni vihamba vya migomba na kahawa, kivuli kipo, na vibanda vya kuuza maji na ndizi mbivu vipo vya kutosha.

Muda wa yule wa mwisho: saa moja na nusu kupanda, dakika 35 kushuka, na vituo vyote saa tatu. Mkitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne mko mjini mnakunywa chai.

Machame

Hii ndiyo inayochaguliwa kwa kuwa iko katikati, na ndiyo ninayoionea wasiwasi zaidi kwa wageni. Mnatoka kwa barabara ya Arusha, mnashuka na kupanda mabonde ya Karanga na Weruweru, na kwa kilomita 12 mnaendesha pembeni mwa mabasi na malori. Kisha mnakata kulia na mlima unaanza. Ni mlima mzuri kweli. Barabara imepinda vizuri, migomba imefunga pande zote, na asubuhi isiyo na wingu kilele cha Kibo kinaonekana juu ya miti. Mwenye miguu ya mazoezi hataona njia bora kuliko hii kutoka Moshi.

Shida yake ni kwamba haitoi nafuu. Mita 50 kwa kila kilomita, kilomita 18. Na ukichoka ukaamua kugeuka, utashuka kwa raha hadi njia panda, halafu zinakungoja kilomita 12 za barabara kuu na yale mabonde mawili, safari hii jua likiwa limepanda na miguu ikiwa imekwisha. Kupanda kutoka bonde la Karanga, mita chache tu ambazo asubuhi hukuziona, saa sita mchana kunamshusha mtu kwenye baiskeli.

Kwa wa mwisho wenu hesabu ni dakika 40 hadi njia panda, saa mbili na dakika kumi kupanda, dakika 45 kushuka na dakika 45 kurudi mjini. Ni zaidi ya saa nne za kukanyaga, na kwa vituo ni saa tano na nusu hadi sita. Si lazima kufika langoni, bila shaka. Mnaweza kukubaliana kugeukia vijijini, kabla ya langoni, mkapunguza theluthi ya mlima. Lakini makubaliano hayo yafanyike mjini, kabla ya kuondoka. Mkiyaacha yafanyike njiani, wenye nguvu watasema "ni hapo tu", na wachovu wataona haya kukataa.

Marangu

Marangu ni safari mbili zilizounganishwa, na kila moja inahitaji ujuzi wake.

Ya kwanza ni Moshi hadi Himo: Kiboriloni, Uchira, Njia Panda. Barabara ina vilima vidogo visivyo na maana kwa miguu, lakini inapitisha mabasi ya Dar es Salaam na malori yanayokwenda mpakani Holili. Kinachotakiwa hapa ni nidhamu ya msafara. Mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kuongozana wawili wawili kwa maongezi, na kundi la watu zaidi ya wanane linagawanywa mara mbili, kukiwa na nafasi katikati ya kutosha basi kuingia likihitaji. Mstari mrefu usiokatika unamlazimisha dereva kuupita wote kwa mara moja, na gari likitokea mbele atarudi upande wenu. Jambo hili peke yake lingenitosha kumkataza mtu asiyejua kushika mstari wake asije Marangu, hata kama ana miguu ya chuma. Anayeyumba kila anapotazama nyuma hana mahali kwenye barabara ile.

Ya pili ni Himo hadi Marangu Mtoni, kilomita 13 za kupanda mita 500. Huu ni mlima mpole kuliko Mweka. Ukiupanda ukiwa mpya asubuhi hautakutisha. Ila hamtaupanda mkiwa wapya, mtakuwa na kilomita 27 miguuni. Na wale walioburuzwa na kundi hadi Himo kwa mwendo usio wao ndio watakaokamatwa na misuli hapa, wakiwa hawaelewi kwa nini, maana barabara "ilikuwa tambarare".

Mtoni ni mahali pazuri pa kugeuzia. Kuna daraja, soko, na mgahawa ambako bakuli la mtori wa moto litamrudishia mtu uhai kuliko soda mbili. Kutoka hapo hadi lango la hifadhi ni kilomita 5 tu kwenye ramani, na kilomita hizo 5 ndizo ninazowaomba wapangaji wazifikirie mara mbili. Zinapanda mita 450 hivi. Hiyo ni mita 90 kwa kilomita, mara mbili ya ukali wa Mweka. Yule wetu wa wati 110 atakuwa anakwenda kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli ya mlima ya magurudumu ya inchi 26, hata akiwa na gia nyepesi ambayo mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, pedali zitazunguka mara 40 tu kwa dakika. Kwa mwendo huo baiskeli inayumba kushoto na kulia, mikono inavuta usukani, mgongo unauma. Asiye na gia nyepesi hivyo atashuka na kusukuma, saa nzima, kwenye lami, na bado Moshi iko umbali wa kilomita 45.

Hadi Mtoni na kurudi, wa mwisho atakuwa kwenye baiskeli karibu saa tano, na vituo ni saa sita na nusu. Hadi langoni, saa sita na zaidi za kukanyaga, saa nane kwa jumla. Na sehemu ya mwisho ya safari, Himo hadi Moshi, itaangukia saa saba au nane mchana, mahali pasipo kivuli cha migomba, joto likitoka juu na kwenye lami. Hapo ndipo watu huishiwa kabisa. Mlima ulishakwisha zamani. Kilichobaki ni barabara ambayo asubuhi waliiona rahisi.

Kuna namna ya kuipata Marangu bila mzigo huo: kupandisha baiskeli kwenye keria ya Coaster au pikapu ya kukodi hadi Himo na kuanzia hapo. Safari inakuwa kilomita 26 kwenda na kurudi hadi Mtoni, mlima ni wenyewe, malori hayapo. Gharama ya usafiri mnagawana. Baadhi ya waendesha baiskeli wanaona ni kama kudanganya, na mimi siwaelewi: lengo ni kupanda mlima pamoja, na mlima unaanzia Himo.

Kushuka nako ni umbali

Wapangaji wengi huhesabu kushuka kama mapumziko. Kwa mapafu, ndiyo. Kwa mikono na breki ni kazi nyingine nzima. Nguvu yote uliyoitumia kujipandisha mita 600 itarudi wakati wa kushuka, na kama hutaki iwe mwendo, lazima iishie kwenye breki. Baiskeli zenye breki za raba kwenye rimu zinachemka, na raba zilizolika zinafika chini zikiwa zimebaki chuma. Kabla ya safari yoyote kati ya hizi, kila mmoja ashike baiskeli yake, abane breki ya mbele na kuisukuma: gurudumu la nyuma linyanyuke, gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo. Kisha atazame raba kwa karibu. Mifereji iliyochongwa juu yake ikiwa imefutika, aende kwa fundi kesho yake, si asubuhi ya safari.

Anayeshuka kwa mara ya kwanza mlima mrefu hushika breki bila kuachia, vidole vinakufa ganzi baada ya dakika kumi, na kwenye kona ya bodaboda anagundua havibani tena. Mfundishe kubana kwa nguvu kisha kuachia, kubana na kuachia, na kusimama pembeni kila kilomita tatu hivi kutikisa mikono. Kwenye Mweka hilo ni vituo vinne. Kwenye Machame ni sita. Kama katika kundi mna watu wa namna hii zaidi ya wawili, hiyo pekee ni sababu ya kuchagua mlima mfupi.

Kuhusu mvua sina mengi: masika, kuanzia Machi hadi Mei, vihamba hutiririsha tope na majani ya migomba juu ya lami, na kushuka kunakuwa kwa hatari kwenye njia zote tatu. Mimi kipindi hicho huwa napendekeza watu wageukie nusu ya njia au wasubiri Juni.

Nani aende wapi

Kundi lenye hata mtu mmoja ambaye hajawahi kupanda kwa saa nzima bila kusimama liende Mweka. Sioni sababu ya kusitasita hapa. Wenye nguvu wakilalamika kwamba kilomita 28 ni kidogo, wana dawa: wafike chuoni, washuke hadi wamkute wa mwisho, wapande naye tena. Watapata mlima wao na yeye atapata mwenzake, na ile dakika 40 ya kuganda juu inapotea.

Machame iwe ya wale ambao wote, na nasisitiza wote, wameshafika chuo cha Mweka kwa muda usiozidi saa moja na dakika kumi na wakashuka wakiwa bado wana maongezi. Hicho ndicho kipimo rahisi nilichonacho, na hakihitaji saa ya gharama wala programu ya simu. Mtu akifika Mweka kwa saa moja na nusu, Machame itamchukua nusu siku.

Marangu Mtoni kutokea Moshi ni ya kundi dogo lenye watu wanaojua barabara kuu, hata kama kwenye mlima si wakali. Kwa mtu mwenye subira, anayependa kukaa kwenye baiskeli muda mrefu na anayekula na kunywa vizuri njiani, inaweza kuwa njema kuliko Machame. Nimeona watu wa makamo, wenye miguu ya polepole, wakifurahia Marangu siku nzima na kuichukia Machame. Lango la Marangu liwe la wenye gia nyepesi na hamu ya kweli. Wengine wabaki Mtoni na mtori wao, na hakuna aibu kwenye hilo.

Kundi ambalo hamjuani nguvu zenu, mnaokutana kwa mara ya kwanza, anzieni Himo. Mlima ni mpole na kurudi ni kushuka.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuondoka

Mkishachagua njia, wekeni saa ya kugeuka, na saa hiyo iwe na nguvu kuliko mahali pa kugeuka. Kwa Mweka, popote mlipo saa tatu na nusu, geuzeni. Kwa Machame, saa tano kasorobo. Kwa Marangu kutokea Moshi, kama saa nne na nusu hamjafika Mtoni, geuzeni hapohapo mlipo, hata kama daraja mnaliona, kwa sababu kila dakika mnayoongeza juu mtailipa Uchira kwenye jua la mchana.

Mtu mmoja mwenye nguvu afunge msafara, awe na pampu, tyubu na simu yenye chaji, na asimpite wa mwisho kwa sababu yoyote. Kila anayepanda awe na lita moja na nusu ya maji angalau, na fedha kidogo ya kununulia mengine.

Na mnapomsubiri wa mwisho kwenye kituo, msiondoke anapofika. Ninaliona hili kila mara: wa mbele wamekaa dakika 15, wamekunywa, wamepiga picha, yule anatokea kwenye kona akihema, mguu mmoja haujagusa chini, na wote wanaruka kwenye baiskeli: "Haya, twende!" Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika safari nzima. Akifika, ahesabiwe dakika tano kuanzia pale alipokaa chini na kufungua chupa yake. Wanaoona dakika hizo ni nyingi wanaweza kutangulia na kumsubiri kituo kinachofuata.